Chale wa Wahopi: Kicheko Kinachoomba Mvua

Nilipata wakati mmoja kuwa miongoni mwa waamuzi wa michezo ya kuigiza ya shule za upili katika wilaya ambayo sitaitaja. Kundi moja la wanafunzi lilileta mchezo kuhusu kijiji kilichokumbwa na ukame. Wazee walikusanyika chini ya mti, wakaanza kuomba mvua. Katikati ya maombi akazuka mvulana aliyejipaka majivu mwili mzima. Aliwaigiza wazee nyuma ya migongo yao, akaanguka kifudifudi, akala chakula cha tambiko, kisha akainua mikono na kuomba mvua ya uji wenye sukari. Ukumbi ulivunjika mbavu. Tulipoketi kutoa alama, mwenzangu alishikilia kwamba kundi lile lisiendelee mbele, kwa kuwa ibada na mzaha havilali mkeka mmoja, na mwalimu aliyeutunga mchezo huo ameiharibu tanzia kwa kuitia ramsa. Sikumpinga. Nilitia sahihi yangu, vijana wakapanda gari lao wakarudi kwao.

Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za Wahopi, ndipo nilipotambua kwamba siku ile aliyefeli alikuwa mimi.

Wahopi ni taifa dogo miongoni mwa wenyeji asilia wa Marekani. Wanaishi kaskazini-mashariki mwa jimbo la Arizona, juu ya nyanda tatu zilizoinuka na kandokando yake. Nyanda hizo zina vilele bapa na kingo za majabali, nao Wahispania walipoziona waliziita mesa, yaani meza. Vijiji vyao ni kumi na viwili hivi. Kimojawapo, Oraibi, kimekaliwa bila kukatika tangu karne ya 12 au hata kabla yake, na huhesabiwa miongoni mwa makazi makongwe zaidi katika Amerika ya Kaskazini. Wanaoishi katika ardhi hiyo ni yapata watu 7,000. Eneo lao liliwekewa mipaka kwa amri ya Rais Chester Arthur mwaka 1882, na limezungukwa pande zote na ardhi ya majirani zao Wanavajo. Neno Hopi lina maana ya mtu mwenye adabu, mpole, aishiye kwa njia iliyonyooka. Mtoto mtukutu hukemewa kwa kuambiwa yeye ni qahopi, yaani si Hopi. Msomaji ayashike maneno hayo mawili, kwani tutayahitaji tutakapofika uwanjani.

Mahali hapo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250. Hakuna mto wa kutegemewa. Hata hivyo Wahopi na wahenga wao wamelima mahindi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mkulima wa kikwao hushika mti uliochongwa ncha, akachimba shimo refu mpaka akaufikia udongo wenye unyevu, akatia punje kumi au zaidi katika shimo hilo moja, kisha akaenda hatua kadhaa kabla ya kuchimba jingine. Baada ya hapo hubaki kutazama mbingu. Masimulizi yao husema kwamba walipopanda kutoka ulimwengu wa chini na kuingia huu wa sasa, ambao kwao ni wa nne, walimkuta Masaw, mlinzi wa ardhi. Mataifa yaliwekewa mahindi ya kila namna yachague. Wengine waliyanyakua yale marefu yaliyonona. Wahopi walibakiwa na hindi fupi la rangi ya samawati, ishara ya maisha yenye taabu ila yenye kudumu.

Katika nchi ya namna hiyo, kuomba mvua si desturi ya kupambia sikukuu. Ni uhai na mauti.

Kati ya watu hawa na mawingu wapo katsina. Ulimwengu umezoea kuwaita kachina, lakini sauti ya ch haimo katika Kihopi, nami nafuata matamshi ya wenye lugha. Wakiwa wengi huitwa katsinam. Katsina si mungu wala si jini. Hawafanani vilevile na malaika wa vitabuni, ijapokuwa wao pia ni wajumbe. Ni roho za mawingu, za wanyama, za mimea, na za wazazi waliotangulia, kwani yule aliyeishi kwa moyo safi huaminiwa kwamba akifa hurudi kama wingu na kuwanyeshea wajukuu wake. Aina zao ni zaidi ya mia mbili, kila moja ikiwa na sura yake, rangi zake, mwendo wake na wimbo wake.

Nusu ya mwaka katsinam huwa pamoja na watu vijijini. Huanza kufika wakati jua linapogeuka mwezi Desemba. Mwezi Februari hufanywa sherehe ya Powamuya. Maharagwe huoteshwa ndani ya kiva, vyumba vya ibada vilivyochimbwa chini ya ardhi, kwa joto la moto unaokokwa usiku na mchana; na miche ya kijani hutolewa nje wakati baridi ingali inauma. Kisha huja ngoma za uwanjani katika majira ya kuchipua. Mwezi Julai hufanywa Niman, ngoma ya kuagana, nao katsinam hurejea makwao katika milima ya San Francisco, karibu na mji wa Flagstaff, ambayo kilele chake kirefu kina mita 3,851. Ukisimama kijijini unaiona milima hiyo mbali, upande wa kusini-magharibi, na mawingu ya kiangazi hukusanyika juu yake kabla ya kuyafikia mashamba. Mtu asiyejua lolote kuhusu Wahopi, akikaa hapo juma moja la Julai, angetambua mwenyewe kwa nini roho za mvua zimepewa makao kule.

Wasichana hupewa na katsinam sanamu ndogo iitwayo tihu, iliyochongwa kwa mzizi mkavu wa mti uotao kando ya mito. Watalii huziita wanasesere na kuzipanga kabatini. Kwa msichana wa Kihopi hiyo ni zawadi ya baraka inayotundikwa ukutani. Huiona kila siku, hujifunza jina lake, na hukua nayo.

Watoto wanapofikia umri wa miaka minane hadi kumi hivi huingizwa katika jando lao wakati wa Powamuya, na huko hufundishwa mambo kuhusu katsinam ambayo wadogo zao hawayajui. Wapo wazungu walioyaandika yote, pamoja na Wahopi wachache. Wahopi walio wengi wameomba mara nyingi yasitangazwe, hasa mahali ambapo mtoto anaweza kuyasoma kabla ya wakati wake. Najua mwanafunzi wangu atanung'unika: elimu gani hii ya kufichwafichwa? Lakini sisi tuliolelewa karibu na jando na unyago tunafahamu kwamba yapo maarifa yanayodhurika yakitangulizwa, sawa na embe lililochumwa likiwa bichi. Nitaliruka jambo hilo, na makala haya hayatapungukiwa na kitu.

Sasa tuingie uwanjani. Ni siku ya ngoma, majira ya kuchipua au mwanzo wa kiangazi. Nyumba za mawe zimeuzunguka uwanja pande zote, na watu wamejaa juu ya mapaa ya bapa. Katsinam wamesimama safu ndefu. Wanacheza kwa nyayo zinazopiga ardhi pamoja, njuga na magamba ya kobe yakilia miguuni, wimbo ukitoka kwa sauti nzito iliyotulia. Mzee anayewaongoza anawanyunyizia unga wa mahindi na kuwatia moyo kwa maneno ya upole. Hakuna anayepiga makofi wala anayezungumza. Ni sala, na kila aliyepo ni mwenye kusali.

Ghafla, juu ya paa, unasikika ukelele. Unarudiwa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Vichwa vinachungulia kutoka ukingoni: watu waliojipaka udongo, nyuso zao zimetiwa alama nyeusi chini ya macho na kuzunguka kinywa, viunoni wana vitambaa tu. Hao ndio chale, ambao Wahopi huwaita tsutskut. Wanatazama chini kwa mshangao, kana kwamba wamezaliwa dakika hiyo. Wanaanza kushuka, na kwa kuwa hawajui lolote, wanashuka vichwa chini miguu juu, wakibiringishana, wakikanyagana, wakipiga mayowe. Hapo ngoma haijasimama. Safu ile ya katsinam inaendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Chale wanawagundua katsinam. Je, wanapiga magoti? La hasha. Kila mmoja anamkumbatia katsina mmoja na kutangaza kwamba huyu ni wangu, nimemwona mimi kwanza. Wanagombana juu ya mali ambayo si yao. Wanachora mistari ya majivu chini na kudai kwamba hiyo ni nyumba yao. Chakula kinapoletwa, wanakila kama fisi, wanakirushiana, wanakimwaga. Wanasema mambo kinyumenyume. Wanatania kwa maneno ya matusi ambayo gazeti hili halitayachapa. Wanacheza michezo ya watoto, wanasahau wanachofanya, wanalala, wanaamka wakigombana. Katika vipindi ambapo katsinam wamekwenda kupumzika, huingia waigizaji wengine na kuleta vichekesho vya mambo ya siku hizi: mlevi, afisa wa serikali mwenye makaratasi mengi, mtalii na kamera yake, mtafiti anayeuliza maswali ya kipumbavu na kuyaandika majibu ya uongo daftarini. Yeyote aliyefanya jambo la aibu kijijini mwaka huo anajua kwamba leo huenda akajiona mwenyewe pale uwanjani, akitembea kwa miguu ya mtu mwingine.

Msomaji asidhani kwamba chale wote ni wa namna moja. Wapo Koyemsi, wenye vichwa vya mviringo vya rangi ya udongo, na hao ni chale na katsina kwa wakati mmoja. Katika kijiji cha Hano, juu ya mesa ya kwanza, wanaishi wazao wa Watewa waliohamia huko kutoka bonde la Rio Grande wapata mwaka 1700 wakiwakimbia Wahispania. Chale wao wamechorwa mistari myeusi na myeupe na wana pembe mbili kichwani. Ni hao ambao picha zao zimeenea zaidi ulimwenguni.

Turudi kwa wale wa udongo. Katika saa zinazofuata, wageni wa kutisha wanaanza kuwatembelea. Bundi ndiye anayetangulia, naye ni katsina wa kuonya. Chale wanaogopa kidogo, wanaahidi kujirekebisha, na mgongo wake ukigeuka tu wanarudia yale yale. Anarudi akiwa na wenzake, mashujaa wenye mijeledi ya majani ya yuka. Onyo linazidi kuwa kali. Hatimaye, jua likikaribia kuchwa siku ya pili, wanawajia wote kwa pamoja. Chale wanakamatwa, wanachapwa, wanamwagiwa maji ndoo kwa ndoo mpaka udongo unawatoka na nyuso zao halisi zinaonekana. Kisha kila mmoja anasimama na kuungama kwa wimbo mfupi wa kuchekesha, unaoyafichua makosa yake au ya jamaa zake, na watu wanacheka mpaka machozi. Ngoma ya mwisho inapochezwa, wale wale waliowakumbatia katsinam kama mbuzi wa mnadani sasa wanawahudumia kwa heshima, wakiwanyunyizia unga.

Wapo wataalamu waliolifafanua jambo hili kwa urahisi. Wanasema kwamba jamii yenye sheria nyingi huhitaji siku moja ya kuzivunja ili watu wapumue, na kesho yake wazitii tena. Hoja hiyo huenda ikafaa kwa sherehe nyinginezo. Hapa naiona kuwa fupi, kwa sababu inaishia katikati ya mchezo. Inawaona chale wanaposhuka paani lakini haiwaoni wanapochapwa. Kama lengo lingekuwa kupumua tu, mijeledi ingekuwa na kazi gani, na maji je, na ungamo?

Maelezo yenye uzito zaidi nimeyapata kwa Mhopi mwenyewe, Emory Sekaquaptewa, aliyefariki mwaka 2007. Huyu alikuwa hakimu katika mahakama ya rufani ya watu wake na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Arizona. Walimu wa lugha watapenda kujua kwamba ndiye aliyekuwa nguzo ya kamusi kubwa ya Kihopi iliyochapishwa mwaka 1998, yenye vidahizo vipatavyo 30,000, kazi adhimu kwa lugha yenye wasemaji wasiozidi maelfu machache. Sekaquaptewa alieleza kwamba kiini cha jambo hili ni kuwa sisi sote ni chale. Wanadamu walipotokea katika ulimwengu huu waliahidi kuyaacha maovu ya ule wa chini, lakini papo hapo wakaanza kunyakua kila walichokiona na kukiita chao. Ukelele ule wa juu ya paa unaikumbusha siku hiyo. Mashaka yote ya uwanjani, kuanzia kushuka vichwa chini hadi kumwagiwa maji, ni historia ya binadamu iliyochezwa kwa alasiri mbili. Wazo langu ni kwamba mtazamaji anacheka kwanza kwa kumwona mpumbavu, kisha anaendelea kucheka kwa kuwa amemtambua mpumbavu huyo ni nani.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko wasomaji wengi, kwa kuwa lugha yetu ina neno lake. Wahopi huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye anayemwadhibu mtoto na kumfundisha wajibu. Shangazi, dada yake baba, yeye ni mtani. Humdekeza mpwa wake, humsifu kupita kiasi, na kufanya naye mzaha hata wa mambo ambayo mahali pengine yangeleta ugomvi. Siku ya ngoma mashangazi ndio wanaowabebea chale mabakuli ya chakula na mikate ya piki, ile iliyo myembamba kama karatasi, iliyookwa juu ya jiwe la moto kwa unga wa mahindi ya samawati. Kwa hiyo anayetukanwa uwanjani hajatukanwa na mtu baki. Ametaniwa na aliye na haki ya kumtania, mbele ya wote, na mtani huyo naye atachapwa kabla ya magharibi. Mzaha una mipaka yake, na waliouweka ni watu wa ukoo.

Wageni hawakuliona hilo. Mwaka 1661 mapadre wa Kihispania walizipiga marufuku ngoma za katsina katika vijiji vya Wapueblo vya New Mexico na kuziteketeza barakoa kwa mamia. Mwaka 1680 Wapueblo walio wengi waliasi. Wahopi wakawaua mapadre waliokuwa kwao na kuyabomoa makanisa. Na mwaka 1700, kijiji chao kimoja, Awatovi, kilipowakaribisha mapadre tena, Wahopi wa vijiji vingine walikiangamiza. Watu wapole walifanya hayo, na sioni sababu ya kuwaficha wasomaji. Baadaye walikuja Wamarekani. Wahopi kumi na tisa walifungwa katika kisiwa cha Alcatraz mwaka 1895, kwa sababu, pamoja na mengineyo, walikataa kuwatoa watoto wao waende shule za serikali. Mmisionari mmoja aliyejenga kanisa Oraibi mwaka 1901, H. R. Voth, aliingia katika kiva akapiga picha na kuandika kila alichokiona. Kanisa lake lilipigwa na radi mwaka 1942 likateketea. Wahopi, ambao kwao radi ni jamaa ya mvua, bila shaka walikuwa na la kusema juu ya hilo.

Chale ndio waliowaudhi maafisa kupita wote. Katika miaka ya 1920 ripoti zilikusanywa Washington zikiwaeleza kuwa wachafu na wapotovu wa maadili. Mkuu wa idara ya mambo ya wenyeji, Charles Burke, alitoa waraka mwaka 1921 dhidi ya ngoma hizo, na mwaka 1923 akaambatisha mapendekezo: ngoma iwe mara moja tu kwa mwezi, mchana, katikati ya juma, isifanywe kabisa mwezi Machi, Aprili, Juni, Julai na Agosti, na asihudhurie mtu aliye chini ya umri wa miaka 50. Mwalimu awape wanafunzi kalenda ya Wahopi niliyoieleza hapo juu waipange kando ya waraka huo. Miezi iliyokatazwa ndiyo ile ile ambayo mkulima hupanda, mahindi huota, na katsinam huwa uwanjani. Na ngoma isiyoruhusiwa kuonwa na kijana ni ngoma iliyohukumiwa kufa pamoja na wazee. Msimamo huo uliondolewa mwaka 1934 chini ya John Collier, na sheria ya kulinda uhuru wa dini za wenyeji hao ilipitishwa mwaka 1978.

Hata hivyo, waliofuata kuwachukia katsina walikuwa wale waliowapenda mno. Mwaka 1992 kampuni ya Marvel ilichapisha kitabu cha katuni kilichowafanya katsina kuwa majambazi wanaopigana na shujaa wa kandanda ya Kimarekani. Wahopi walilalamika, kitabu kikaondolewa madukani, lakini mwaka huo huo vijiji vingi viliwafungia wageni ngoma zao. Leo hii anayefika kule haruhusiwi kupiga picha, kuchora wala kurekodi sauti. Mwezi Aprili 2013, barakoa zipatazo sabini ziliuzwa mnadani mjini Paris baada ya mahakama kukataa kuuzuia mnada huo. Wahopi huviita vitu hivyo rafiki. Ni viumbe hai vinavyolishwa na kutunzwa, na kwao kuviona vikitajiwa bei ni kama kumwona babu kizimbani mwa watumwa. Desemba ya mwaka huo shirika moja la hisani la Marekani lilinunua vitu vitakatifu 24 kwa dola 530,000, ishirini na kimoja vikiwa vya Wahopi, likawarudishia wenyewe. Sheria ya Marekani ya kuzuia vitu vya aina hiyo kusafirishwa nje ilitiwa sahihi Desemba 2022.

Sisi wa pwani ya Kenya habari hiyo si ngeni. Vigango vya Wamijikenda, ambavyo ni marehemu wenyewe waliosimamishwa, vimeng'olewa kwa miongo kadhaa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo ya sebuleni. Viwili vilivyoibwa baada ya mwaka 1985 vilipatikana katika makumbusho ya Marekani na kurejeshwa mwaka 2007. Jumba la makumbusho la Denver nalo lilivileta nyumbani thelathini mwaka 2019. Mwizi wa kigango na mnunuzi wa katsina wanasoma kitabu kimoja.

Vita vya sasa ni juu ya mlima. Katika milima ya San Francisco kuna kituo cha kuteleza kwenye theluji, na kwa kuwa theluji ya mbinguni haitoshi, tangu mwaka 2012 kituo hicho kimekuwa kikitengeneza theluji kwa maji taka yaliyosafishwa ya mji wa Flagstaff. Wenyeji walikwenda mahakamani. Mahakama ya rufani ya shirikisho iliwakatalia mwaka 2008, na mwaka 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya Arizona ikaikataa kesi ya Wahopi. Majaji wa mwaka 2008 waliona kwamba hakuna mtu aliyezuiwa kusali. Kilichoumizwa ni hisia tu. Sijui jaji wa namna hiyo angesema nini iwapo maji hayo yangemwagwa juu ya madhabahu yake, hata kama yamesafishwa mara saba.

Narudi kwa mvulana wetu wa majivu. Sidai kwamba alikuwa amesikia habari za Arizona, wala kwamba mwalimu wake alizisoma. Ninachojua ni kwamba katika vitabu vyetu vya fasihi simulizi tunawafundisha wanafunzi kuhusu miviga na maleba, fanani na hadhira, na tunaandika kwamba kazi ya kichekesho ni kuburudisha, kisha tunapitia ukurasa wa pili. Mvulana yule alipoomba mvua ya uji wenye sukari alikuwa ameieleza tamaa ya kijiji kizima kwa sentensi moja. Mchezo wao haukuwa na mijeledi wala ndoo za maji, na pengine hilo ndilo tulilopaswa kuwaambia: rudini mkatunge mwisho wake. Sisi tuliwakata ulimi.

Sekaquaptewa aliacha masimulizi ya chale mmoja mzee wa Kihopi. Alipohisi kwamba siku zake zimekaribia, aliwaagiza jamaa zake namna ya kumfanyia akifa. Hawakumpeleka kaburini moja kwa moja. Waliubeba mwili wake hadi juu ya paa, pale pale ambapo kwa miaka mingi alikuwa akitokea kuushukia uwanja, wakaupiga ule ukelele wa chale kwa niaba yake. Chini, watu waliokuwa wakilia waliinua macho, wakamwona, wakatabasamu.